Uzoefu wangu: sufuria ya presha ya kusindikia jodari kwenye chupa

Kama huwa unapata jodari mzima aliyetoka kuvuliwa, na friza yako imeshajaa, sufuria hii itakufaa kuliko kununua friza ya pili. Nalisema mapema ili anayetaka jibu tu alipate. Kama samaki unayepata ni vipande viwili vitatu vya mlo wa siku hiyo, usihangaike nayo. Ni chombo kizito, kinakula muda, na faida yake inaonekana pale tu unapokuwa na kilo nyingi za mnofu za kushughulikia kwa mkupuo mmoja.

Yangu ni ya alumini ya kusubu, nene, ujazo wake lita 20 hivi. Kifuniko hakina mpira. Chuma kinakaa juu ya chuma na kubanwa kwa skrubu sita za kukaza kwa mkono, ambazo unazikaza mbilimbili, ile na inayotazamana nayo, ili kifuniko kisiinuke upande mmoja. Kukosa mpira ndiko kulikonivutia, kwa sababu mpira hukauka, hupasuka, na siku unapouhitaji haupatikani. Kinachotakiwa ni kupaka mafuta kidogo sana kwenye ukingo kabla ya kufunga, la sivyo kifuniko kinang'ang'ania na kukifungua inakuwa kazi.

Swali ninaloulizwa zaidi: kwa nini nisitumie presha ya kawaida ya kuchemshia maharage? Kwa sababu ratiba zilizopimwa kitaalamu zinahesabu pia muda ambao sufuria kubwa inatumia kupanda joto na kushuka. Presha ndogo hupanda upesi na kupoa upesi, kwa hiyo samaki aliye katikati ya chupa hapati joto alilokusudiwa kupata. Kipimo kinachotumika ni kwamba sufuria iweze kusimamisha ndani yake angalau chupa nne za ujazo wa lita moja. Zile za umeme zenye vitufe nazo siziamini kwa kazi hii, hata kama kwenye boksi kumechorwa chupa.

Swali la pili: si nichemshe tu kwenye maji ya kawaida kwa saa nyingi? Hapana. Samaki hana asidi ya kutosha kujilinda, na ndani ya chupa iliyofungwa hamna hewa. Hayo ndiyo mazingira ambayo bakteria wa Clostridium botulinum wanayapenda. Spora zake, yaani mbegu zao ngumu za kujihifadhi, zinavumilia maji yanayochemka kwa nyuzi 100, hata ukikesha nayo jikoni. Presha ya pauni 10 (kwa kila inchi ya mraba) inapandisha joto hadi nyuzi 116 hivi, na hapo ndipo spora zinapokufa kwa muda unaokubalika. Sumu ya bakteria hao inaweza isiwe na harufu wala kubadilisha rangi ya chakula. Dalili zake ni macho kuona mawilimawili, kope kulegea, na kushindwa kumeza, na inaua. Kwa hiyo katika jambo hili sina mjadala na mtu: ama presha, ama mgandishe.

Lakini hata sufuria bora duniani haimrudishi samaki aliyekaa juani. Jodari ana damu ya moto kuliko maji anamoogelea, na akipambana kwenye ndoano mwili wake unazidi kupata joto. Asipotolewa damu na kufunikwa barafu mara moja, bakteria wanaanza kugeuza histidini, asidi ya amino iliyomo kwenye nyama yake, kuwa histamini, kemikali inayoleta dalili kama za mzio. Histamini ikishatengenezwa haiondoki kwa kupika, kugandisha, wala kwa zile dakika 100 za presha zinazotakiwa kumsindika. Mlaji atawashwa mwili, uso utakuwa mwekundu, kichwa kitamgonga, na atadhani ana mzio wa samaki. Ndiyo maana mimi huuliza habari za barafu kabla ya kuuliza bei. Mnofu wa katikati ukiwa na uvuguvugu, namwacha na mwenyewe.

Sasa tuje kwenye maandalizi, na hapa nina upande. Kuna njia mbili zinazokubalika. Ya kwanza ni kumpika kwanza: unamwoka kwenye oveni ya nyuzi 175 kwa saa moja hivi, mpaka ndani afike nyuzi 74 hadi 79, kisha unamlaza kwenye friji usiku kucha ili nyama ikaze ndipo umchambue. Ya pili ni kumpakia mbichi. Ya kwanza inapunguza mafuta mazito na ladha inakuwa nyepesi. Viwanda vingi hufanya hivyohivyo, humpika kwa mvuke kabla ya kumtia koponi na kumpika tena. Ndiyo sababu jodari wa dukani mara nyingi ni mkavu: amepikwa mara mbili. Mimi napakia mbichi, na sioni sababu ya kubadili. Mnofu mbichi unatoa mchuzi wake wenyewe humohumo chupani, na mafuta yake hayapotei.

Namkata minofu minne mirefu, miwili ya mgongoni na miwili ya tumboni. Naondoa ngozi na mifupa, halafu nakaa chini na kisu chembamba kushughulikia ile nyama nyeusi iliyopita pembeni mwa mnofu. Hii ndiyo kazi yenyewe. Nyama hiyo imejaa damu, na ukiiacha, chupa nzima inanuka ini na mchuzi unakuwa wa kahawia. Kisu kinalazwa karibu na kulala kabisa, unafuata mpaka kati ya wekundu wa kawaida na weusi, na kidole cha mkono wa pili kinatangulia mbele kikitafuta miiba. Ukimaliza, karibu nusu ya uzito wa samaki imebaki mezani kama mifupa, kichwa, ngozi na nyama nyeusi. Wanaonunua samaki mzima wasishtuke. Kwa makadirio yangu, chupa ya nusu lita inakula nusu kilo hivi ya mnofu safi.

Vipande nakata vya urefu wa chupa ukitoa ile nafasi ya juu, nasimamisha kimoja kikubwa katikati, kisha naziba mapengo kwa vidogo, nikikandamiza bila kuponda. Naongeza maji au mafuta, kisha naacha sentimita 2.5 wazi juu. Nafasi hiyo si ya mapambo. Ukijaza hadi juu, mchuzi utachemka na kutoka nje, utapita kati ya kioo na kifuniko, na chupa haitaziba. Chumvi natia nusu kijiko cha chai kwa chupa ya robo lita, kijiko kizima kwa nusu lita. Ni ya ladha tu, haihifadhi chochote hapa, na asiyetaka aiache. Mdomo wa chupa naufuta kwa kitambaa safi chenye siki, kwa sababu mafuta ya samaki ni mabishi na kitambaa cha maji kinayasambaza tu. Pete ya kusokota inayoshikilia kifuniko bapa cha chupa nakaza kwa ncha za vidole, basi. Ukikaza kwa nguvu zote, hewa haitapata pa kutokea. Chupa za lita moja sizitumii kwa jodari, kwa sababu muda uliopimwa ni wa robo lita na nusu lita.

Sufuria inaingia maji lita 3 hivi na siki kidogo ili chupa zisitoke na ukungu mweupe. Kifuniko kikishafungwa, moto mkali, na mvuke uachwe utoke kwa nguvu dakika 10 nzima kabla ya kuweka kizito, kile kipande cha chuma kinachokaa juu ya tundu la mvuke na kupima presha. Watu wengi wanapenda kuruka hatua hii kwa sababu wanaona ni mvuke wa bure. Hewa iliyobaki ndani inadanganya: geji inaonyesha presha ile ile, lakini joto liko chini ya linalotakiwa. Nikishaweka kizito na presha ikafika, ndipo naanza kuhesabu dakika 100. Presha ikishuka chini ya kiwango hata kwa muda mfupi, saa inaanza upya tangu mwanzo. Ni sheria kali, lakini naiheshimu.

Hapa ndipo ninapokipenda chombo hiki zaidi, na ndipo kiliponiudhi pia. Kina vipimo viwili: geji ya mshale na kizito chenye matundu matatu, pauni 5, 10 na 15. Kizito kikifikia presha yake kinaanza kucheza na kutoa mlio. Nakisikia nikiwa chumba cha pili, na mlio ukipoa najua moto umeshuka kabla hata sijaangalia. Geji ya mshale iliyokuja na sufuria, kwa upande mwingine, ilikuwa inasoma juu kuliko presha halisi, na ingenifanya niamini samaki wameiva vya kutosha kumbe bado. Muuzaji alisema ndivyo zilivyo. Kwa jibu hilo peke yake nampunguzia alama, kwa sababu geji inayopishana kwa zaidi ya pauni 2 inatakiwa ibadilishwe, na hata nzuri inapaswa kupimwa kila mwaka. Tangu hapo nafuata kizito, mshale unanisaidia tu kujua lini presha imeshuka hadi sifuri.

Kwa wanaoishi nyanda za juu: maji yanachemka kwa joto dogo zaidi huko, kwa hiyo presha inaongezwa, dakika zinabaki 100. Kwa kizito, pauni 10 zinatosha mpaka mita 300 juu ya usawa wa bahari, zaidi ya hapo tumia 15. Kwa geji ya mshale ni pauni 11 mpaka mita 600, kisha 12 mpaka mita 1,200, 13 mpaka 1,800, na 14 mpaka 2,400. Andika namba yako kwa kalamu ya wino mzito kwenye karatasi na uibandike ukutani karibu na jiko.

Muda ukiisha, zima moto na uondoke. Usimwagie maji kifuniko wala usiinue kizito ili ipoe haraka. Ukishusha presha kwa ghafla, mchuzi unaruka kutoka kwenye chupa na zingine zinapasuka. Presha ikifika sifuri, natoa kizito, nasubiri dakika 10 nyingine, halafu nafungua kifuniko kikielekea mbali na uso. Tangu kuwasha hadi kutoa chupa ni saa tatu na ushee, na zaidi ya hapo ukiwa na mizunguko miwili. Wenye haraka wajue hilo kabla ya kutoa pesa. Chupa nazisimamisha juu ya taulo bila kugusana, kwa muda wa saa 12 hadi 24. Vifuniko vinatoa mlio wa "tiki" kimoja kimoja vinapozama katikati. Ambacho hakikuzama, chupa yake inaingia friji na kuliwa mapema, au inasindikwa upya kwa kifuniko kipya ndani ya saa 24. Kisha navua pete, naosha chupa maana nje huwa na mafuta, naandika tarehe.

Ladha? Mnofu unatoka mweupe hadi waridi hafifu kutegemea aina ya jodari, umekaza, unachambuka kwa tabaka nene, na mchuzi wake ni wa dhahabu. Hauhitaji kumwagwa. Baada ya wiki chache unakuwa mtamu kuliko siku ya kwanza, chumvi ikiwa imeshaingia. Chupa zangu nazitumia ndani ya mwaka mmoja ili ladha isichoke. Ukikuta chembe ngumu zinazong'aa mfano wa vioo, usitupe chupa. Ni fuwele za magnesi, amonia na fosfeti zinazojitengeneza zenyewe kwenye samaki wa chupa, hazina madhara, na kwa kawaida huyeyuka ukipasha moto. Kinachopaswa kutupwa bila kuonjwa ni chupa ambayo kifuniko kimevimba au kimelegea, au inayorusha mchuzi ukiifungua.

Kasoro zilizobaki: uzito wake ukiwa umejaa si wa kubebwa na mtu mmoja, kwa hiyo ipange kwenye jiko ikiwa tupu. Kwa majiko yenye uso wa kioo haifai, tafuta aina nyepesi yenye kitako bapa na uvumilie mpira wake. Na nyumba itanuka samaki mpaka kesho yake, fungua madirisha.

Naipa nyota nne kati ya tano, ya tano imeondoka na ile geji. Ukinunua, hakikisha inakuja na kizito chenye pauni 10 na 15, kibanio cha kunyanyulia chupa, na wavu wa chini, maana chupa haziruhusiwi kugusa kitako cha sufuria. Vifuniko bapa nunua vingi kwa pamoja kwa sababu kila kimoja kinatumika mara moja tu. Pete zinarudiwa mpaka zianze kutu.