Mfumo mpya wa komputa wodini kwetu: nyota mbili na nusu

Kuna mwenzangu yuko Chake Chake, Pemba, kaniuliza juzi, ati huo mfumo mnaotumia huko Unguja ukoje, mana na sisi tushaambiwa unakuja, nkamwambia ngoja niandike kabisa wasome na wengine. Hospitali siitaji na mfumo siutaji, nna watoto wanataka kula. Mie nesi, wodi ya wazazi, na huu ni mfumo wa tatu kunipitia mikononi.

Nianze na uzuri wake nisije nkaambiwa nna roho mbaya. Majibu ya maabara yanatokea pale pale kwenye skrini, zamani ulikuwa unamtuma mtu akirudi anakwambia karatasi haijaonekana. Faili halipotei. Na mwandiko wa madaktari sasa unasomeka, wallahi hilo peke yake nalipa nyota nzima, nshawahi kusimama na daktari mwenyewe hajui alichoandika jana yake.

Sasa njoo kwenye kumtafuta mgonjwa. Aliyeutengeneza mfumo huu si mtu wa huku, angelikuwa wa huku angejua kwamba ukiandika Khamis Juma wanakuja chungu nzima, huyu Khamis, yule Hamis, mwengine Hamisi, na kina Khadija na Hadija ndo usiseme. Halafu unataka namba ya kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Mama kaletwa saa nane za usiku na gari ya jirani, uchungu ushamshika, kitambulisho kakiacha kabatini kwao Makunduchi, na skrini haisogei mpaka ujaze kile kiboksi. Tunamzalisha kwanza tunajaza baadae, asubuhi ripoti inaonesha mtoto kazaliwa saa tisa na mama kapokewa saa kumi na mbili, yaani mtoto kamtangulia mama ake kufika hospitali. Tukaulizwa kwa maandishi tueleze.

Na tunaandika mara mbili. Metroni kasema daftari lisiachwe, mtandao ukikatika je, na mie simlaumu, wa umri wetu tunakumbuka Disemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja tulikaa miezi mitatu hatuna umeme wa kutoka bara, daftari halikuzima hata siku moja. Ila hesabu mwenyewe, kinamama kumi na mbili, manesi wawili, kila presha iandikwe kitabuni kisha ukapange foleni kwenye komputa moja ya wodi, na imewekwa mezani kule mwisho, kitanda hukioni. Kuna bibi mmoja alokuja na mjukuu wake aliniangalia weee, akanambia mwanangu, unamuuguza huyu au unaiuguza hiyo? Nlicheka lakini iliniuma.

Mafunzo yalikuwa masaa mawili, sambusa na soda, nusu yetu tuko zamu hatukwenda. Akapatikana kijana mmoja kaujua vizuri, kila mtu anamkimbilia yeye, ukaja uhamisho huyo Micheweni.

Lakini mie komputa naiweza, nna simu kama watu. Linalonitoa roho ni kwamba ukishazoea tu wanakubadilishia. Wa mwanzo ulikuja na tableti za mradi, mradi ukamalizika tableti zikafungiwa kabati la stoo, zipo mpaka leo. Wa pili nlikuwa nshafika kuujaza bila ya kutazama, mkono unakwenda wenyewe, tukaambiwa basi. Na taarifa za humo hazikuhamishwa! Kaja mama alozaa kwetu kwa operesheni, mfumo mpya unasema hajawahi kukanyaga hapa. Nesi yoyote anajua kovu la operesheni linaweza kupasuka mtu akiwa na uchungu. Nlijua kwa sababu nlimuuliza kwa mdomo na nkaliona kovu lenyewe, angepokewa na mgeni wa haraka haraka je? Hapo ndo nlipokata nyota mbili kwa mpigo. Hii nusu ilobaki imekwenda kwa kile kiboksi cha kitambulisho.

Kwa hivo wa Chake, kabla hamjasaini chochote waulizeni za zamani zinahamia au hazihamii, ombeni mashine iwe karibu na vitanda, na mtu wao aje akae na nyinyi zamu ya usiku, si mchana wa semina. Sisi hakuja mtu usiku hata mmoja. Na daftari lenu msimpe mtu.

Nimalize hapa nakwenda kazini. Jana imebandikwa karatasi mlangoni kwa incharji, Jumatatu kuna semina ya toleo jipya, watu wote wahudhurie. Jumatatu mie nna ofu.