Kibanda cha mama lishe kinachotulisha sisi wa zamu ya usiku

Mimi ni nesi, Dodoma. Desemba 2023, baada ya maporomoko ya tope ya Mlima Hanang, nilikwenda Katesh, mji ulio chini ya mlima huo, kuongeza nguvu. Niliporudi chakula hakipiti. Kibanda hiki, ng'ambo ya barabara na geti letu, huwa wazi mpaka saa nane usiku: ugali wa uwele, mlenda wa moto, chai ya tangawizi. Mama hakuniuliza kitu. Alinisogezea bakuli, akakaa pembeni akichambua mchicha mpaka nikamaliza. Daktari na mfanya usafi hukaa benchi moja, na kwa mwenzetu wa maabara asiyesikia, mama amejifunza ishara za kuagiza (nyingine nadhani kazitunga mwenyewe, lakini wanaelewana). Benchi linayumba. Chenji haipatikani kamwe, beba sarafu.