Noti ya lati 10 ya Latvia, 1937–1940: inafaa kuanzia, lakini si adimu

Ukiingia soko la noti za Latvia za kati ya vita viwili vya dunia, hii ndiyo utakayoonyeshwa kwanza: lati 10 ya hazina ya serikali, yenye wavuvi na wavu wao upande mmoja, na mkulima anayesia mbegu upande wa pili. Kama noti ya kwanza ya mkusanyiko, ni nzuri: michoro imetulia, kazi ya uchapaji ni safi, na kuipata si shida. Tatizo liko kwa wauzaji wanaobandika neno "adimu" na kuongeza bei. Adimu si yenyewe.

Kwa nini ziko nyingi? Noti ya kawaida ikifutwa, watu hupewa muda wa kuibadilisha, inarudi benki, inachomwa. Hii haikurudi. Baada ya Wasovieti kuikalia Latvia mwaka 1940, waliingiza rubli yao tarehe 25 Novemba, itumike sambamba na lati, lati moja kwa rubli moja. Kisha tarehe 25 Machi 1941 lati ikafutwa bila onyo. Pesa zilizokuwa kwenye droo na chini ya magodoro zikabaki hukohuko, zikiwa karatasi tu. Ndiyo maana lati 10 isiyo na mkunjo hata mmoja bado inapatikana leo, na ndiyo maana usilipe bei kubwa kwa iliyochakaa. Ukiona yenye mikunjo mitano na kona zilizolegea, mwachie muuzaji. Safi itakuja wiki ijayo.

Kabla ya kununua, soma maandishi. "Valsts kases zīme" ni noti ya hazina. "Latvijas Banka" ni noti ya benki kuu. Ni matoleo mawili tofauti yaliyotumika kwa wakati mmoja, na kwenye katalogi yana nambari tofauti. Wauzaji wengi huzichanganya, hasa wanaoandika tu "lati 10, Latvia, zamani". Angalia pia umbo la neno: lats ni moja, lati ni nyingi, na latu ndilo utakaloliona baada ya tarakimu kwenye noti yenyewe. Yote ni neno moja.

Kisha sahihi ya waziri wa fedha. Mwaka peke yake hautoshi kuitambua noti, kwa sababu mawaziri wa fedha walibadilika katikati ya toleo: Ludvigs Ēķis aliondoka 1938, akafuata Alfreds Valdmanis hadi 1939, halafu Jānis Kaminskis. Mwaka uleule unaweza kukutana na sahihi zaidi ya moja, na bei zake hazifanani. Muuzaji asiyeweka picha inayosomeka ya sahihi na nambari ya mfululizo, mwombe aiweke. Akikataa, achana naye.

Kuhusu hali ya noti, wengi hupoteza pesa kwenye noti iliyooshwa na kupigwa pasi. Kwenye picha ya skana inang'aa kama mpya. Mkononi, inalala kama karatasi ya daftari. Ishike usawa wa jicho, taa ya mezani ikiwa pembeni kabisa, mwanga upite juu ya uso wake kwa mshazari. Mkunjo uliopigwa pasi hauna kivuli kirefu, lakini nyuzi za karatasi zilizovunjika hubaki: utaona mstari mwembamba uliofifia, na wino umekatika juu yake. Geuza, uiweke mbele ya dirisha. Matundu ya pini huonekana kama nyota; si balaa, ila bei ishuke. Sehemu iliyokonda huonekana kama wingu jeupe, na mara nyingi hapo ndipo palipobanduliwa gundi ya albamu.

Taa ya kukagulia noti bandia, ile ya dirisha la keshia, inasaidia hapa kwa njia tofauti. Karatasi ya kabla ya vita haikuwa na dawa za kung'arisha weupe ambazo sabuni na karatasi za baadaye zinazo. Noti halisi isiyoguswa hubaki na rangi ya kufifia chini ya taa hiyo. Ikiwaka bluu mwili mzima, ni nakala ya kisasa au imeoshwa kwa sabuni ya unga. Ikiwaka kingo tu, kuna ufa uliozibwa. Kona nazo zitazame: kona kali mno kwenye noti yenye mikunjo ina maana kingo zimekatwa na mkasi, na pambizo nyeupe hazitalingana pande zote.

Kuhusu daraja la ubora, "haijatumika" ni haijatumika. Mkunjo mmoja mwepesi wa katikati unaishusha chini ya hapo. Inayoitwa "nzuri sana kabisa" inaruhusiwa mikunjo mitatu myepesi au mmoja mzito, basi.

Ukishaizoea lati 10, majirani wake wanavutia kuliko yenyewe. Lati 50 ya 1934, ya bluu, ina picha ya Kārlis Ulmanis, waziri mkuu aliyejitwalia mamlaka kwa mapinduzi mwezi Mei mwaka huohuo. Lati 25 ya 1938, ya kijani, ina Lāčplēsis, shujaa wa ngano aliyemrarua dubu. Kati ya hizo mbili, tunapendekeza ya kijani.

Lati 5 ya 1940, yenye daraja la mto Gauja, ni ndogo lakini ina mengi ya kueleza. Lati 1, 2 na 5 zilikuwa sarafu za fedha. Lati 5 ilitolewa kuanzia 1929, gramu 25, na watu waliipenda. Mambo yalipoharibika, sarafu hizo za fedha zikafichwa majumbani, na serikali ikalazimika kuchapa karatasi mahali pa sarafu. Inunue pamoja na sarafu yenyewe kama mfuko unaruhusu.

Panapohitaji tahadhari kubwa ni nyuma zaidi. Lati ilizaliwa tarehe 3 Agosti 1922, lati moja kwa rubli 50 za Latvia. Benki kuu mpya, Latvijas Banka, haikuwa na noti zake tayari, ikachukua noti za rubli 500 na kuzipiga chapa ya lati 10 juu yake; hesabu inakubali, 500 kwa 50 ni 10. Rubli 500 ya kawaida na ile yenye chapa zina bei tofauti sana, na hapo ndipo tamaa inapoingia. Chukua lenzi ya kukuza mara 10, utafute mahali chapa inapovuka mkunjo. Chapa halali ilipigwa noti ikiwa haijakunjwa, kwa hiyo wino wake umepasuka pamoja na karatasi. Wino ukiwa umezama ndani ya ufa wa mkunjo, au umekaa juu ya uchafu, chapa imepigwa baadaye. Noti isiyo na mkunjo hata mmoja haitakupa jibu kwa njia hii; hiyo usinunue bila cheti cha wakaguzi.

Rubli zenyewe, za 1919 hadi 1922, utazijua kwa tahajia ya zamani, "Latwijas walsts", kwa w. Bei yake ni nafuu, na nyingi zimechoka.

Na asikudanganye mtu kwamba lati za kabla ya vita hubadilishwa kwa euro. Kiwango cha lati 0.702804 kwa euro moja ni cha lati zilizotolewa kuanzia 1993.

Kuhifadhi: mifuko ya poliesta ngumu, si plastiki laini yenye harufu ya pazia la bafu. Hiyo ni PVC, na mafuta yake huhamia kwenye noti, ikanata na kubadilika rangi. Kwa walio Mombasa, Zanzibar au Dar, joto na unyevu huiharakisha kazi hiyo; weka albamu wima ndani ya boksi linalofungwa, na vifuko vya silika vinavyonyonya unyevu, uvibadilishe kila vinapojaa maji. Usitumie selotepu hata kwa ufa wa milimita mbili. Ufa utabaki ulivyo, lakini gundi itageuka kahawia na kupenya hadi upande wa wavuvi.