Bledi gani ya trekta dogo kwa tope la Dar

Dalali alinipeleka hadi mwisho wa yadi, kando ya Barabara ya Mandela, akanionyesha kitrekta cha Kijapani kilichofungwa mbele bledi, yaani bao pana la chuma la kusukumia. Bao la njano, limepinda kama ganda la nazi. "Bosi, hii ndiyo dawa ya tope. Masika ikija wewe unasukuma tu."

Nikainama kulitazama. Ukingo wake wa chini ulikuwa wa mpira. Nyuma yake springi mbili nene, na pembeni viatu viwili vya chuma vya kulibeba lisiguse ardhi. Lile halikuwa bao la tope. Lilikuwa la theluji.

Dalali hakudanganya kwa makusudi. Matrekta madogo mengi yaliyotumika yanayoshuka bandarini kwetu hutoka Japani, na huko kuna sehemu kama Hokkaido na Niigata ambako majira ya baridi mtu hatoki mlangoni mpaka achimbe njia. Sisi theluji tunaijua ile ya juu ya Kibo, tena siku mawingu yakikubali. Ila ukichanganya vitu hivi viwili utalia, na sababu yake ni uzito. Theluji iliyoanguka usiku huu ina kilo 50 hadi 100 hivi kwa mita moja ya ujazo. Tope lililoshiba maji lina kilo 1,700 na zaidi. Zile springi zimewekwa ili bao likigonga jiwe lililofichwa na theluji likunjike mbele, lisivunjike. Kwenye tope la Goba linaona kila hatua ni jiwe, basi linakunjika, linarudi, linakunjika tena, na wewe hujasogeza kitu. Na viatu vile kazi yake ni kulizuia bao lisikwangue kokoto za chini, wakati sisi tunachotaka ni kukwangua.

Kwa hiyo mpangilio wangu wa vifaa hapa chini, kuanzia ninachokipenda zaidi, ni wa mtu wa Dar: kikundi cha mtaa kinachochangishana, mwenye shule au yadi, au kijana anayetaka kuchukua vibarua vya kusafisha njia huko Madale, Kinyerezi, Bonyokwa, kokote ambako mvua ya Machi hadi Mei ikipita inaacha mchanga wa mlimani katikati ya barabara na korongo pembeni.

Trekta kwanza, kwa ufupi

Tafuta lenye nguvu farasi 25 hadi 50, linalovuta kwa magurudumu yote manne kama mfuko unaruhusu. Chini ya hapo trekta ni jepesi mno, linateleza badala ya kuvuta. Massey Ferguson 240 kuukuu, la injini ya Perkins ya silinda tatu, ni kubwa kidogo kwa vichochoro, lakini fundi wake na spea zake hukosi. Vitrekta vya Kijapani vya Kubota, Yanmar au Iseki vinapita penye uchochoro na havinywi mafuta, ila kabla ya kulipa chukua namba ya modeli, nenda nayo kwenye maduka ya spea ukaulizie filta na klachi. Ukiona muuzaji anakuna kichwa, na wewe kuna chako.

Fika yadini asubuhi, bila kupiga simu. Ukikuta injini ya moto, walishaiwasha kabla hujafika, na hutajua inavyosumbua ikiwa baridi. Mita ya masaa usiiamini peke yake. Angalia pedali: trekta la masaa 400 haliwezi kuwa na pedali ya klachi iliyolika hadi inang'aa.

Kitu kingine kidogo ambacho kimewagharimu wengi ni pini. Ile mikono miwili ya chini nyuma ya trekta, inayoshika bledi kwa pini, ina saizi zake. Vitrekta vidogo kabisa hutumia pini ya milimita 16, vya kati 22, na makubwa 28. Nenda na rula. Bledi ya pini 28 haiingii kwenye mkono wa 22, na ukiwa umeshalipia usafiri wa kirikuu kuja nayo nyumbani, shauri yako.

Namba moja: boksi la kukwangulia

Hili ni sanduku la chuma lisilo na mfuniko wala sakafu, linafungwa nyuma, lina kisu mbele na nyuma na safu ya meno yanayoshuka na kupanda. Ningekuwa na hela ya kifaa kimoja tu, ningechukua hili. Sababu ni kwamba barabara zetu za mtaani haziharibiwi na tope peke yake. Zinaharibiwa na tope, kisha jua, kisha magari yakipita juu yake, mpaka pakawa pagumu kama kigae na mashimo mashimo. Meno yanachana ule ugumu, sanduku linabeba udongo wa juu na kuumwaga kwenye shimo lililo mbele. Kazi mbili kwa safari moja.

Siri yake iko kwenye toplinki, ule mkono mmoja wa juu unaofupishwa na kurefushwa kwa kuzungusha. Ukiufupisha, sanduku linainamia mbele na kuchimba. Ukiurefusha, linaegemea nyuma, kisu cha nyuma kinalainisha. Kijana wangu alichukua siku mbili kulielewa hilo. Siku ya kwanza alitengeneza matuta ya viazi katikati ya barabara ya watu.

Upana: boksi lizidi kidogo alama za matairi ya nyuma. Mita 1.2 hadi 1.5 kwa trekta la farasi 25, na 1.5 hadi 1.8 kwa la 35 kwenda juu. Na liwe zito. Boksi jepesi linaruka juu ya udongo mgumu kama kifuniko cha sufuria inayochemka.

Angalizo la meno. Mitaa yetu mingi mabomba ya maji ya plastiki yamefukiwa kiganja kimoja tu, na hakuna anayejua yanapita wapi. Mimi nilikata la jirani Jumapili asubuhi, maji yakaruka mpaka kwenye nguo zake alizoanika. Nilimpa shikamoo mara tatu, hakuitikia hata moja. Sasa kabla ya kushusha meno natembea na mjumbe njia nzima, kila mwenye bomba anaonyesha lake, tunachomeka kijiti.

Namba mbili: bledi ya nyuma ya kugeuza

Hii ni rahisi zaidi kwa bei na inafanya jambo moja ambalo boksi haliwezi: inasukuma udongo pembeni. Unaigeuza pembe, unaanzia ukingoni kuelekea katikati, na baada ya mapito kadhaa barabara inapata mgongo, maji yanakimbilia mtaroni. Kwa njia ya upana wa mita 5, katikati pakizidi kingo kwa sentimita 10 hivi panatosha.

Ukiigeuza pembe, upana wake unapungua. Bledi ya mita 1.8 ikilala nyuzi 30 inafagia mita 1.56 tu, kwa hiyo pima upana ikiwa imelala, usije ukakuta tairi linakanyaga ulichokwishasafisha. Unaweza pia kuizungusha kinyume ukasukuma kwa kurudi nyuma, vizuri sana kwenye uwanja wa shule, ila taratibu. Mikono ya chini iliumbwa kuvuta, ukiisukumisha kwa hasira inapinda.

Mafundi wa kuchomelea wa Gerezani wanaitengeneza ukiwapelekea vipimo. Sisitiza kisu cha chini kiwe cha kufunga kwa bolti, kisichomelewe moja kwa moja, maana hicho ndicho kinacholika na utakibadilisha.

Namba tatu: kijiko cha mbele

Kila mtu anakitaka kwa sababu kinapendeza, na kama kazi yako ni kupakia mchanga au kifusi kwenye gari, kipandishe hadi namba moja. Kwa kusafisha barabara ni kizito kwa mfuko na kwa ekseli ya mbele. Piga hesabu: kijiko cha robo mita ya ujazo kikijaa tope kinabeba kilo 425 au zaidi, na vitrekta vingi vya saizi hii hapo ndipo vinapoishia. Jaza nusu. Na nyuma lazima kuwe na uzito, boksi au pipa la zege, la sivyo ukinyanyua matairi ya nyuma yanaelea na breki zako zinaelea nayo.

Namba nne: lile bao la theluji

Kwa mchanga mkavu, mwepesi, wa Kigamboni, kwenye uwanja uliosakafiwa, linafaa. Ukilipata bure pamoja na trekta lichukue, utoe mpira, ufunge kisu cha chuma, ukaze springi. Kulilipia, hapana.

Pawatila, kile kitrekta cha magurudumu mawili cha kushika kwa mikono, yenye kibao mbele sijaipa namba. Ni ya shamba la mpunga, iacheni huko.

Mambo mawili kabla hujawasha. Barabara ya mtaa si yako: pita kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na kama ni barabara iliyo chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wape taarifa ofisini kwao kwanza. Na tope usilikwangue likiwa uji. Subiri siku mbili za jua lishikamane kama unga wa chapati, hapo linatoka vipande vipande. Ulilotoa usilimwage mtaroni, maana mvua ijayo litarudi lilikotoka.

Kitrekta cha yadini nilikinunua, lakini bila bao. Dalali alikataa kupunguza bei kwa sababu hiyo. Nilipopita tena juzi nililikuta limelazwa kifudifudi chini ya mwembe, walinzi wawili wamelikalia wanacheza drafti.