Jiwe la zambarau kwa pete: lipi ununue Mombasa

Ukiomba pete ya jiwe la zambarau kwa masonara wa Mombasa, utawekewa juu ya kioo mawe yanayokaribiana rangi, lakini bei zake hazikaribiani hata kidogo. Hapa nimeyapanga kwa kigezo kimoja: lipi litabaki zuri kidoleni mwa mtu anayefua, anayeshika vyuma vya matatu, anayetembea mchangani Nyali siku ya Jumapili. Kwa kigezo hicho yakuti ya zambarau ndiyo ya kwanza, na kwangu hakuna linaloikaribia.

Yakuti nyekundu, yakuti samawi na hii ya zambarau zote ni madini yale yale, korandamu, yaani alumini na oksijeni. Rangi huletwa na chembe chache za vitu vingine. Kromiamu hutia wekundu, chuma na titani hutia ubuluu, na zikikutana ndani ya jiwe moja hutoka zambarau. Ndiyo maana rangi hii haitulii. Mchana, nje, mara nyingi jiwe huegemea ubuluu. Usiku chini ya taa ya manjano wekundu huja juu, likawa kama zambarau iliyoiva ukiipasua. Mimi hulipenda jambo hili kuliko ukubwa wa jiwe lolote.

Halafu kuna ugumu. Kwenye kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa madini kutoka 1 hadi 10, yakuti ina 9, na katika vito vya asili vya dukani ni almasi peke yake iliyo juu yake, yenye 10. Vumbi tunaloishi nalo lina chembe za kwatzi, ambayo ugumu wake ni 7. Jiwe lililo chini ya hapo huchubuka kwa kufutwa tu na kitambaa kikavu, na lililo sawa na hapo hupoteza ukali wa kingo zake miaka ikienda. Yakuti haibabaishwi na vumbi hilo.

Bei yake kwa kawaida iko chini ya yakuti nyekundu au samawi ya ubora ule ule, kwa sababu wanunuzi wengi hukimbilia hizo mbili. Wala haitoki mbali. Bonde la Umba, upande wa Tanga, linajulikana kwa yakuti za rangi nyingi, zambarau ikiwemo. Na mto wenyewe unaanzia Milima ya Usambara ukaja kumwaga maji baharini karibu na Vanga, hapa Kwale. Nyingine hutoka Tunduru, Madagaska na Sri Lanka.

Unaponunua, usiamue chini ya taa za duka. Mwambie sonara, "Ndugu yangu, niruhusu nilitazame mlangoni." Rangi ikiwa na ukijivu au ukahawia ndani yake, bei ishuke. Ukiona dirisha katikati ya jiwe, mahali panapopitisha macho moja kwa moja hadi kwenye ngozi, limekatwa vibaya, liache. Kisha uliza kama limechomwa, yaani limepashwa moto mkali ili rangi ipendeze. Kuchoma jiwe ni kazi ya kawaida katika biashara hii na rangi yake hudumu, lakini ambalo halijachomwa huuzwa ghali zaidi, kwa hiyo anayekutoza bei hiyo akuonyeshe cheti cha maabara.

Jihadhari pia na yakuti ya kiwandani. Njia ya Auguste Verneuil ya kuyeyusha unga kwa moto ilitangazwa mwaka 1902, na mawe yake yamejaa duniani. Yapo yaliyotiwa vanadi, yanayogeuka kutoka ubuluu wa kijivu kuwa zambarau, ambayo kwa miaka mingi yameuzwa kwa jina la aleksandrite, jiwe la asili la bei kubwa linalobadilika rangi. Ugumu wake ni ule ule, na ukiyanunua kwa bei yake hujadhulumiwa. Kwa kioo cha kukuza mara kumi tafuta mistari ya ndani: iliyopinda ni ya kiwandani, ya asili hunyooka au hukutana kwa pembe. Jiwe kubwa, safi kabisa na rahisi lichunguze mara mbili.

Nafasi ya pili naipa spineli, jiwe jingine la asili lisilo yakuti. Ugumu wake ni 8, na kwa kawaida haichomwi. Shida ni kuipata. Mara nyingi utalazimika kumwagiza dalali wa mawe.

Ya tatu ni rodolaiti, jamii ya ganeti, inayopatikana Umba na pia Taita Taveta. Ina 7 hadi 7.5 na rangi yake haijapikwa na mtu. Chagua dogo, kwa kuwa makubwa huwa meusi. Kwa bajeti ya kati, hili ndilo ningemshauri mdogo wangu.

Amethisti ni ya nne. Ni kwatzi, ugumu 7, na bei yake inakuruhusu jiwe kubwa la kidani. Lakini ni jepesi: likikatwa sawasawa na yakuti, uzito wake ni kama theluthi mbili tu, hivyo mizani humuumbua anayekuuzia moja kwa jina la nyingine. Na jua kali la muda mrefu huweza kuififisha.

Tanzanaiti, iliyogunduliwa Mererani mwaka 1967, naiweka mwisho kwa pete tu. Ni nzuri sana, lakini ugumu wake ni 6 hadi 7 na hupasuka ikigongwa. Ifanye hereni.

Ukikubaliana bei, mwombe sonara alizungushie jiwe ukingo wa dhahabu badala ya kulishika kwa kucha nne, yaani vijino vya chuma vinavyolibana. Kucha hunasa nguo na kulegea. Na risiti iandikwe aina ya jiwe, asili au kiwandani, uzito kwa karati, na kama limechomwa. Ikiandikwa "pete ya jiwe" tu, usilipe kwanza.