Programu za kanzidata (database) kwa kompyuta ya ofisi: nazipanga hivi

Wenye maduka, wahasibu wa SACCOS na walimu wa taaluma huniuliza swali lile lile: Excel imetuzidia, tununue nini? Excel ina mwisho wake, mistari 1,048,576 kwa shiti moja, ila wengi hukwama mapema zaidi. Hukwama siku mtu wa pili anapotaka kuandika kwenye faili lile lile, au namba za simu zinapopoteza sifuri ya mbele na 0754 ikawa 754.

Kabla ya kutoa hela, tenganisha ghala na mlango. Baadhi ya programu hizi zinatunza data zenyewe. Nyingine ni mlango tu wa kuingilia seva, yaani programu inayotunza data na kuwahudumia watu wengi kwa pamoja, kama MySQL, MariaDB au PostgreSQL. Mtu anasakinisha HeidiSQL, inamuuliza jina la seva na nywila, anadhani imeharibika. Haina shida yoyote, ni yeye ambaye bado hana ghala. Kwenye Windows, kifurushi cha XAMPP kitamletea MariaDB bure.

Ya kwanza kwangu ni DB Browser for SQLite, kwa yeyote anayetunza kumbukumbu peke yake kwenye kompyuta moja. Ni ya bure, ni nyepesi, inakubali Windows, Mac na Linux. SQLite yenyewe, yaani injini inayotunza data, ilianzishwa na D. Richard Hipp mwaka 2000 na leo imo ndani ya simu yako, iwe Android au iPhone. Data zote zinakaa kwenye faili moja, kwa hiyo bakapu ni kufunga programu na kunakili faili hilo kwenye flashi. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, SQLite ama inakamilisha badiliko lote ama inalifuta lote, haikuachii nusu. Ila zoea kitufe cha Write Changes: usipokibonyeza, ulichoandika bado hakijaingia, na umeme ukiondoka kinaondoka nao. Unapohama kutoka Excel, tengeneza jedwali kwanza, kolamu ya simu iwe TEXT (maandishi, si namba), ndipo ulete CSV, yaani shiti lako la Excel lililohifadhiwa kama maandishi matupu. Na uifungue CSV hiyo kwa Notepad uone kama sifuri bado zipo, maana zikishapotea Excel hakuna programu itakayozirudisha.

Mkiwa watu wawili au zaidi mnaoandika kwa wakati mmoja, SQLite haiwafai. Hapo mnahitaji seva, na mlango ninaoupenda kwa kompyuta za Windows zenye RAM ndogo ni HeidiSQL, kazi ya Mjerumani Ansgar Becker. Inafunguka haraka hata kwenye mashine iliyochoka, na kutoa bakapu ya kanzidata nzima kama faili la SQL (lugha ya kuamrisha kanzidata) ni kubofya mara chache tu.

Ya tatu ni DBeaver Community. Kwa uwezo ingekuwa ya kwanza, kwa sababu inaongea na karibu kila kanzidata unayoijua. Nimeishusha kwa uzito wake: imejengwa juu ya Java, na kwenye kompyuta ya RAM 4 GB yenye kivinjari kilichofunguliwa utaisubiri. Lakini kuna kitu kimoja kinachonifanya niitumie kila ninapogusa data za mteja. Nikiipa seva alama ya Production (yaani ndiyo inayotumika kazini), DBeaver inajipaka rangi nyekundu na kuniuliza kabla ya kutekeleza amri ya kubadilisha. Nimeijua thamani yake kwa uchungu. Niliwahi kurekebisha bei ya dawa moja ya kikohozi kwenye duka la jumla, nikaandika UPDATE, amri ya kubadilisha, bila WHERE, sehemu inayosema ni mistari ipi ibadilishwe. Dawa zote dukani zikawa na bei moja, na wateja walikuwa wamepanga foleni. Kilichotuokoa ni bakapu ya jana yake jioni. MySQL Workbench, mlango mwingine wa MySQL, nayo ina kinga ya aina hiyo: kwa kawaida inakataa UPDATE au DELETE (amri ya kufuta) isiyo na WHERE. Kwa hilo pekee nawashauri wanaojifunza MySQL waanze nayo.

Sasa Microsoft Access, ambayo ndiyo wauzaji wengi watakutajia. Ipo tangu 1992, ni ya kulipia, na ni ya Windows tu. Kama anayeingiza data ni karani asiyejua SQL, inastahili pesa yake: fomu zake na ripoti za kuchapisha ni rahisi kutengeneza kuliko popote nilipopita. Lakini faili lake haliruhusiwi kuzidi GB 2, na likiwekwa kwenye folda ya pamoja watu wakalifungua kupitia Wi-Fi inayokatikakatika, linaharibika. Ukiinunua, ligawe faili hilo mara mbili: majedwali kwenye kompyuta moja, fomu kwenye kila kompyuta, na mziunganishe kwa waya. Msinunue Office iliyochakachuliwa. Mnaweka humo majina, simu na akiba za watu, na hamjui aliyeichakachua ameingiza nini.

LibreOffice Base naiweka mwisho ingawa ni ya bure. Ina fomu kama Access, ila ukiiachia itunze data yenyewe, kila kitu kinafungwa ndani ya faili la .odb, na kompyuta ikizimika ghafla unaweza kupoteza kazi. Iunganishe na MariaDB, itumike kwa fomu tu. Hapo inageuka kuwa msaada wa kweli kwa ofisi isiyo na bajeti ya Access.

Mtaona kwamba nne kati ya tano nilizozipanga ni za bure. Hela iliyotengwa kwa leseni nunueni UPS ya kompyuta inayobeba data, na diski mbili za nje: moja ibaki ofisini, nyingine ilale nyumbani kwa mhasibu, mbadilishane kila Ijumaa. Na mara moja kwa mwezi chukueni bakapu mkaifungue kwenye kompyuta nyingine kabisa. Hesabuni wanachama, linganisheni jumla ya akiba na ile ya ofisini. Namba zisipolingana, mjue siku hiyo hiyo.