Kadi ya grafiki kwa kompyuta ya ofisi: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kompyuta nyingi zinazochezewa gemu mtaani kwetu hazikuzaliwa kwa gemu. Ni Dell OptiPlex na HP EliteDesk zilizostaafu ofisini Ulaya, zikashushwa Kariakoo, zikafutwa vumbi na kuuzwa zikiwa na Windows safi. Prosesa zake, tuseme Core i5-7500, bado zinaimudu GTA V vizuri. Kinachokosekana ni kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu. Basi mwenye mashine anaingia dukani na kuuliza, "Kwa hela hii napata kadi gani?" Wakati hajui pawa saplai yake ni ya wati ngapi.

Fungua kava usome kibandiko kabla hujatoka nyumbani. OptiPlex 7050 ile ndogo ina wati 180, na ile ndefu ina 240. Usitegemee kukuta waya wa ziada wa kulisha kadi. Na usidhani utabadilisha pawa saplai kirahisi: kuanzia OptiPlex 9020, Dell waliacha plagi ya kawaida ya pini 24 wakaweka ya kwao. Adapta zinauzwa, ila kwenye kasha dogo pawa saplai ya kawaida haiingii hata ukiisukuma. Kwa hiyo kadi itakula umeme wa sloti, yaani tundu la bodi inapochomekwa, peke yake, na sloti hiyo inatoa wati 75, basi. Prosesa ya wati 65 na kadi ya wati 70 ni 135. Kwenye 180 bado pana pa kupumulia.

Halafu pima. Mpwa wangu alileta kadi ya kimo kirefu kwa mashine ndogo, tukacheza mwezi mzima kava likiwa wazi, kadi imechomoza kama paa la kibanda, na kila jioni tunawafukuza mende. Kasha dogo linataka kadi ya kimo kifupi. Dukani ulizia "low profile", na hakikisha kibati chake kifupi cha nyuma kimo ndani ya boksi. Angalia pia kama sloti imebanana na pawa saplai. Kama ndivyo, kadi nene inayokula nafasi ya sloti mbili haitaingia.

Sasa kadi zenyewe, kwa jinsi ninavyozipanga.

Ya kwanza ni RTX 3050 yenye kumbukumbu ya GB 6, iliyotoka 2024. Inakula wati 70, haihitaji plagi, na matoleo ya kimo kifupi yapo. Ina DLSS, ile teknolojia ya kuchora picha ndogo kisha kuikuza, na mashine ya zamani inauhitaji sana msaada huo. Ila soma boksi kwa makini: kuna RTX 3050 ya GB 8 ya mwaka 2022, jina lile lile, nayo inakula wati 130 na inadai plagi. Muuzaji asiyejua tofauti atakuambia ya GB 8 ndiyo bora, na kwenye mashine nyingine angekuwa sahihi.

Ya pili ni GTX 1650 iliyotumika. Mfuko ukiwa mwembamba, mimi mwenyewe ningeanzia hapa. Ni ya 2019, GB 4, wati 75. Baadhi ya matoleo yana tundu la plagi ya pini 6, hayo yapite.

Ya tatu ni ya wenye kasha lililobanana: T1000 ya NVIDIA, iliyotengenezwa kwa ajili ya wachoraji wa ramani za majengo. Inakaa kwenye sloti moja, inakula wati 50, na ukubwa wa chipu yake ni sawa na wa GTX 1650. Watu wa gemu huipita bila kuiangalia, kosa lao. Matundu yake ya kuchomeka kioo yote ni ya mini DisplayPort, kwa hiyo nunua na adapta ya HDMI siku hiyo hiyo.

Ya nne ni RX 6400 ya AMD. Wati 53 tu, inavutia. Tatizo ni kwamba inaongea na bodi kwa njia nne badala ya kumi na sita, na bodi hizi za zamani zina sloti za PCI Express toleo la 3.0 au chini yake, hivyo inapunguzwa kasi hasa kumbukumbu yake ya GB 4 inapojaa. Anayetaka kurekodi gemu aisahau, maana haina sehemu ya kusimba video, yaani kuibana iwe faili gemu likiendelea.

GTX 1050 Ti ya 2016 bado imejaa madukani, lakini NVIDIA wamesimamisha draiva mpya za gemu (programu za kuiendesha kadi) kwa kizazi hicho tangu mwishoni mwa 2025. Ichukue kwa bei ya kutupa tu. GT 1030 iache kabisa. Kuna hata toleo lake lenye kumbukumbu aina ya DDR4, polepole zaidi, linalouzwa kwa jina lile lile.

Kuhusu RX 580 zilizochoka kuchimba sarafu za mtandaoni: wati 185. Hatuna haja ya kuendelea.

Kama mashine bado ina diski ya kuzunguka na kipande kimoja cha RAM cha GB 4, kadi isubiri. SSD (diski isiyozunguka, ya kasi) kwanza, kisha vipande viwili vya RAM vinavyolingana, kwa sababu viwili hufanya kazi sambamba na kimoja hakiwezi. OptiPlex 9020 inatumia RAM ya DDR3, 7050 inatumia DDR4, haviingiliani. Sasisha na BIOS, programu ya bodi inayoiwasha mashine, kabla ya kuchomeka kadi, usije ukakaa mbele ya kioo cheusi ukimlaumu muuzaji.

Ukinunua iliyotumika, nenda na programu ya GPU-Z, inayosoma kadi na kukuambia ni ipi, kwenye flashi. Zipo kadi kuukuu zilizoandikwa upya zijitambulishe kama 1050 Ti, na programu hiyo huzitambua ikaweka neno FAKE mbele ya jina. Kisha omba gemu iwashwe dakika kumi na tano palepale dukani, sikiliza feni, tazama kama picha ina madoa. Muuzaji akisema hana muda huo, funga mkoba.